Shajara ya mradi: laina ya kupuliza kwa pikapu ya samaki, Pemba

Gari ni Toyota Hilux ya kebini moja. Linabeba dagaa na samaki wa barafu kutoka Tumbe kuja Chake Chake na Wete, magunia ya mwani, na msimu ukifika, karafuu. Kinachotakiwa ni laina ya kupuliza kwenye bodi ya mizigo, yaani ngozi ngumu ya kinga inayopulizwa kama rangi, itakayokaa bila kutoa malengelenge wala kubanduka, na ambayo ikichubuka itazibwa hapa hapa kisiwani bila gari kupanda meli.

Jumamosi: kuvua laina ya plastiki

Bodi ilikuwa na laina ya plastiki ya kuchomeka, ile iliyofinyangwa kwa umbo la bodi na kufungwa kwa skrubu kwenye midomo ya juu. Imevuliwa. Chini yake kulikuwa na mchanga, magamba, na tope la kijivu lenye uvundo wa dagaa. Plastiki ya aina hii hailali juu ya bati moja kwa moja. Hukaa juu ya migongo ya mawimbi ya sakafu na kuacha mifereji katikati. Maji huingia kwa pembeni, hayana pa kutokea, na gari likitikisika mchanga husaga rangi. Kutu imejichora pale pale ilipotarajiwa: kwenye migongo ya mawimbi iliyosagwa hadi bati, kuzunguka kila tundu la skrubu, na kwenye kona mbili za mbele ambako maji husimama gari likiegeshwa mteremkoni.

Kwa gari la shamba linalobeba mihogo na kuni, plastiki hiyo inaweza kukaa miaka bila madhara makubwa. Kwa gari la pwani haifai hata kidogo, na mpira wa kutandika chini nao una kasoro ile ile usipoinuliwa na kuoshwa kila baada ya mzigo.

Vipimo vya ndani: urefu mita 2.3, upana 1.5, kina 0.48. Sakafu ni mita za mraba 3.45, mbavu mbili (kuta za pembeni) 2.2, ubao wa mbele 0.72, mlango wa nyuma 0.72. Jumla ni 7.1. Mawimbi ya sakafu yanaongeza karibu nusu mita, na madigadi ya ndani pamoja na midomo ya juu yanaongeza kama 0.7. Tunahesabu mita za mraba 8.3. Bodi ya kebini mbili ingekuwa kama sita tu, kwa hiyo anayenunua vifaa kwa kusikia kwamba “kiti kimoja kinatosha pikapu” (kiti ni seti ya vifaa inayouzwa pamoja) aulize kwanza ni pikapu ipi.

Jumapili: laina ipi

Majina yanayotajwa zaidi ni ya Marekani, LINE-X na Rhino Linings. Hizi ni laina za mashine. Pipa moja lina isosayaneti (kemikali ya kugandisha), la pili lina resini. Mashine huzipasha moto hadi nyuzi 60 au 70 na kuzisukuma kwa shinikizo la bar 140 hadi 200, zikakutana ndani ya bunduki na kuganda kwa sekunde chache tu. Unene wake ni milimita 1.5 hadi 3 kwa kikao kimoja. Hazina thina ndani, kwa hiyo lita moja juu ya mita moja ya mraba hubaki milimita moja kamili. Kwa lori la mawe na kokoto hakuna kinachoshindana nazo, na mwenye malori ya aina hiyo azifikirie kwa uzito.

Tatizo lake kwetu ni ukarabati. Siku laina imechanwa na nanga au ncha ya chuma, kuiziba kwa nyenzo ile ile kunataka mashine ile ile, jenereta yake, kikausha hewa chake na mapipa ambayo hayajaingiwa na unyevu. Pipa la isosayaneti likishafunguliwa hunywa unyevu wa hewani na kuanza kufanya utando juu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, vitu hupoa ndani ya mipira na mchanganyiko huharibika uwiano. Gari la kazi haliwezi kungojea mambo hayo yote yapangike.

Ya pili ni ile ya kopo moja inayopakwa kwa rola, kama Herculiner: poliyurethani yenye chembechembe za mpira, inayokomaa kwa unyevu wa hewa. Ni rahisi, haina cha kuchanganya, na kwa kirikuu cha maboksi inatosha. Ila kwa hewa yetu uso wake hufunga upesi huku chini bado kubichi, hivyo mikono minene (mkono ni tabaka moja la kupaka) ina hatari, na kopo lililofunguliwa halikai.

Ya tatu ni ya chupa, sehemu mbili, bila moto wala mashine kubwa. Inayojulikana zaidi ni Raptor ya U-POL wa Uingereza. Kiti kina chupa nne zenye resini ya mililita 750 kila moja, pamoja na lita moja ya hadina, yaani kigumishi. Uwiano ni 3 kwa 1, kwa hiyo kila chupa inapokea mililita 250 za hadina na kuwa lita moja. Hupigwa kwa bunduki ya shutzi (ile ya kupulizia rangi nzito) inayofungwa kwenye chupa yenyewe, kwa kompresa ya kawaida ya gereji. Ni nyembamba kuliko ya mashine, na hilo ndilo linalowafanya wengi waidharau.

Lami ya chini ya gari na “rangi ya mpira” ya maji hazikuingia kwenye mjadala. Lami hulainika juani na kushika magunia. Ile ya maji haivumilii maji yaliyosimama.

Uamuzi ni ya chupa, juu ya praima (rangi ya msingi) ya epoksi. Sababu kubwa ni kwamba bodi ya samaki haifi kwa kuchanwa kutoka juu. Hufa kwa chumvi iliyofungiwa chini. Laina yoyote, nene au nyembamba, hupitisha mvuke kidogo kidogo. Chini yake pakiwa na chembe ya chumvi, maji huvutwa kuifuata, chembe ikayeyuka, lengelenge likainuka, na ndani yake kutu ikaanza. Na kinachoharakisha jambo hilo si maji ya bahari kama wengi wanavyodhani. Maji ya bahari juu ya laina na chumvi chini yake, pande mbili zinakaribiana, mvuto unapungua. Barafu inayoyeyuka ni maji matamu. Juu hakuna chumvi, chini ipo, mvuto ni mkubwa kabisa, na dimbwi lile hulala bodini usiku kucha. Pikapu ya samaki wa barafu ndiyo mteja mgumu kuliko wote, na milimita tatu za laina ya mashine juu ya bati lenye chumvi hazitamsaidia.

Rangi: kijivu cha kupauka. Nyeusi juani hupika sakafu na kumaliza barafu kabla ya Wete. Tumechukua resini ya kutiwa rangi. Maelekezo yanaruhusu rangi hadi kama asilimia 10. Rangi yote ichanganywe na resini ya chupa zote kwa mara moja kabla ya hadina, la sivyo kila chupa itatoka na kijivu chake. Kwa anayelinganisha bidhaa nyingine, aulize pia kama laina ni ya aina ya alifati au aromati. Aromati huchakaa kwa jua: rangi hugeuka, uso hutoa unga. Haipotezi nguvu upesi, lakini kwa jua la hapa inataka mkono wa juu wa kuikinga.

Kiasi: chupa moja iliyochanganywa tunaihesabia mita za mraba 2.5 hadi 3 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ya bodi yote ni chupa sita, mkono wa tatu wa sakafu peke yake ni moja na nusu. Viti viwili, chupa nane.

Jumatatu: kuosha, na kuosha tena

Mlango wa nyuma umefunguliwa na kuwekwa juu ya vigoda. Kulabu, komeo, taa ya namba na raba zote zimetolewa. Kuzungushia tepu badala ya kutoa ni uvivu utakaojionesha baadaye, kwa sababu maji huingia chini ya kulabu na laina huanza kubanduka kutokea hapo.

Mafuta yanatoka kabla ya msasa. Msasa juu ya mafuta huyasukuma ndani ya mikwaruzo. Bodi ya dagaa ina mafuta ya samaki yaliyogandiana na vumbi hadi kuwa kama gamba. Haya yanataka sabuni ya unga, maji ya moto na brashi ngumu, mara mbili. Kisha kiondoa mafuta cha rangi kwa vitambaa viwili: kimoja cha kupaka, cha pili kikavu cha kufuta kabla hakijakauka. Kikikauka chenyewe, mafuta yamerudi yalipokuwa. Petroli haifai, inaacha ukoko na inaweza kuwaka. Mafuta ya taa ni mafuta. Dawa za kung’arisha matairi na dashibodi zisikae hata karibu na banda hili, kwani silikoni yake hupeperuka na rangi hukimbia ikaacha vijitundu vya duara.

Maji ya kuoshea ni ya bomba, na ya mvua tuliyokinga. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Kuosha chumvi kwa maji ya chumvi ni kuihamisha tu.

Jumatano: kutu

Brashi ya waya kwenye grenda haikutumika isipokuwa kwa kuondoa magamba makubwa. Waya huing’arisha kutu; inaonekana nyeusi na laini, fundi akadhani ni chuma, kumbe ni kutu iliyopigwa pasi. Tumetumia diski ya majani ya msasa namba 60, na kwenye mashimo madogo msasa wa mkono namba 80 uliokunjwa.

Kuna ushauri unaozunguka wa kupuliza mchanga wa pwani kwa kompresa. Usifanyike. Mchanga huo una chumvi, unaipigilia ndani ya chuma, na pale wenye silika vumbi lake linaharibu mapafu moja kwa moja.

Matobo mawili kwenye kona za mbele yamekatwa hadi kwenye bati zima na kuchomelewa viraka vya milimita 1.2. Matundu ya skrubu za laina ya zamani yamezibwa kwa kuchomelea nukta na kusagwa. Fila ya bodi haikutiwa kwenye tobo lolote. Fila hunywa maji, na sakafu ya mizigo hupinda kila inapobebeshwa hadi fila ikapasuka. Kingo zote kali zimeviringwa kwa msasa. Rangi yoyote ikiwa bado mbichi hukimbia ncha kali ikawa nyembamba hapo, kwa hiyo ukingo usioviringwa ndio utakaochubuka wa kwanza.

Rangi ya zamani iliyobaki imepimwa kwa kitambaa chenye thina kali, kimewekwa dakika chache juu yake. Rangi ya kiwandani haikugeuka. Kwenye mlango wa nyuma kitambaa kiliondoka na rangi: uliwahi kupigwa rangi ya kawaida isiyo na hadina. Yote imetolewa hadi bati. Thina ya laina ingeiinua na kuikunja.

Kisha kipimo cha chumvi, na hapa ndipo tunapoomba msomaji asipite haraka. Baada ya kusaga, bati limeoshwa kwa maji matamu ya shinikizo, likakaushwa kwa hewa, likaachwa usiku chini ya banda bila kufunikwa. Asubuhi tukapita na taa ya mkononi, tukiilaza karibu na sakafu ili mwanga upite kwa ubavu. Sehemu kubwa ilikuwa na ukungu mwepesi wa kutu wa rangi moja, huo ni wa unyevu wa hewa tu. Lakini kwenye kona ya kushoto mbele, katika eneo la kiganja kimoja, kila kishimo kilikuwa na nukta ya kahawia iliyokoza, yenye unyevu, nyingine na tone dogo juu yake. Hiyo ni chumvi. Chumvi hukaa chini ya kishimo, huvuta maji ya hewani na kujitengenezea tone lake hata bati la pembeni likiwa kavu. Eneo hilo limesagwa tena, likaoshwa, likaachwa, likaangaliwa tena, hadi nukta zikakoma. Hakuna dawa ya njia ya mkato hapa. Dawa za kugeuza kutu zenye asidi hazitoi chumvi, na asidi ikibaki, epoksi haishiki vizuri juu yake. Pale chuma kinapofikika, tunakisafisha badala ya kukitibu.

Alhamisi: vibati vya majaribio

Vibati vitatu vilivyokatwa kwenye bati la kutu lililotolewa vimeandaliwa sambamba na bodi: cha kwanza kimesafishwa kwa njia yote iliyoelezwa; cha pili kimesagwa tu bila kuoshwa; cha tatu kimesafishwa lakini hakina epoksi. Vyote vitapigwa laina siku moja na bodi na kuzamishwa kwenye ndoo ya maji ya mvua, kwa sababu ile ile ya barafu. Ndoo ya maji ya bahari ingetoa jibu la kupendeza lisilo la kweli.

Ijumaa: epoksi na maungio

Kazi imeanza baada ya swala, bati lilipokuwa limeshapata joto. Ukungu wa kutu wa usiku umefutwa kwa msasa namba 120, vumbi limepulizwa na kufutwa kwa kitambaa na kiondoa mafuta, na praima imeingia mara hiyo hiyo. Bati lililosafishwa lisilale tena bila kinga.

Epoksi ya sehemu mbili, mikono miwili. Baada ya kuchanganya, imeachwa itulie kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kumiminwa kwenye bunduki; fundi akiruka hatua hiyo, uso hubaki na ukungu wa mafuta ambao laina haitaushika. Praima ya asidi haikutangulizwa chini yake, kwani hizo mbili hazipatani.

Maungio ya sakafu na mbavu yamejazwa sila (gundi ya kuziba maungio) ya poliyurethani juu ya epoksi, ikasawazishwa kwa kidole chenye glovu. Laina si sila. Ikipigwa juu ya ufa wazi hutengeneza daraja jembamba ambalo bodi ikijipinda linakatika, na maji yameshapata njia.

Matundu ya kutolea maji yamezibwa kwa vijiti vilivyoviringishiwa tepu. Vitatolewa laina ikiwa bado laini. Bodi iliyozibwa matundu yake kwa laina inageuka birika.

Jumamosi ya pili: kungojea hewa

Kipupwe, kusi inavuma, lakini asubuhi haifai. Sharti ni bati liwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya joto la umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa umande. Saa moja asubuhi hewa ilikuwa nyuzi 23 na unyevu asilimia 92. Joto la umande hapo ni kama 21.6, bati lilitakiwa nyuzi 24.6 na lilikuwa chini ya hewa yenyewe. Ukipuliza hapo, isosayaneti iliyomo kwenye hadina inakutana na maji ya umande, inatoa gesi ya kaboni dioksidi, na laina inaumuka ndani kama andazi: juu inaonekana nene na nzuri, ukiikata kwa wembe ni matundu matupu. Saa saba mchana hewa ilikuwa nyuzi 27, unyevu 75, umande 22.2, bati nyuzi 29. Hapo kazi inaanza. Inatakiwa iishe kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu jua likishuka umande hurudi juu ya laina ambayo haijafunga, na uso huwa na doa jeupe.

Kompresa nayo ina maji yake. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu asilimia 80 ina karibu gramu 22 za maji kwa kila mita ya ujazo. Bunduki inayokula lita 250 kwa dakika, ikifanya kazi dakika 40, imevuta mita 10 za ujazo. Gramu 220 za maji, zaidi ya kikombe kizima. Mengi hubaki kwenye tangi ikiwa hewa imepoa, lakini kompresa inayofanya kazi mfululizo hutoa hewa ya moto na maji hugandia mbele, ndani ya mpira wa bunduki. Kwa hiyo tangi limemwagwa maji kabla ya kila mkono, mpira umeongezwa urefu na kupitishwa kwenye karai la maji ili hewa ipoe, na chujio la maji limewekwa mwisho wa mpira huo, si kwenye kompresa. Jaribio la mwisho: puliza hewa tupu kwenye kioo kwa dakika moja. Kioo kibaki kikavu.

Kinga ya fundi: kofia ya kupelekewa hewa safi kwa bomba, glovu za naitraili, ovaroli ya mikono mirefu. Isosayaneti haina harufu ya kukuonya kabla haijafika kiwango cha kudhuru, na kifua kikishaizoea vibaya mtu hupata pumu itakayorudi kila anapoigusa, hata kwa kiasi kidogo. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii kitu. Watoto na wapita njia wamewekwa mbali, upande kusi inakotoka.

Jumamosi hiyo hiyo, mchana: kupiga

Epoksi imekwaruzwa kwa msasa namba 180 ikawa haina mng’ao popote, ikafutwa.

Chupa imetikiswa, hadina imetiwa hadi mstari, ikatikiswa tena dakika mbili kamili. Muda wa kutumia ni kama saa moja kwa nyuzi 20. Kwa joto letu hupungua, kwa hiyo zinachanganywa chupa mbili mbili, zisikae zikingoja. Hadina haikisiwi kwa macho. Ikipungua, laina hubaki na unato wiki nzima. Ikizidi, hukauka ngumu na kupasuka.

Mkono wa kwanza ni mwembamba: kona, maungio na vichwa vya bolti kwanza, kisha mbavu, sakafu mwisho, kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Shinikizo bar 4, umbali kama sentimita 50. Kwenye mawimbi ya sakafu bunduki imepita kwa pande mbili, kushoto na kulia, kwani ukipita upande mmoja tu ukuta wa pili wa kila wimbi unabaki kivulini na kupata rangi nusu.

Kati ya mikono ni saa moja. Mkono wa pili ukiwahi, thina ya wa kwanza inanaswa chini na baada ya siku kadhaa hutoka kwa nguvu ikiacha vitundu. Unene mbichi umepimwa kwa kichana cha kupimia unene: chupa moja kwa mita 2.75 ni kama milimita 0.36, na thina ikiondoka hubaki pungufu ya hapo. Sakafu kwa mikono mitatu inapata kinga ya kutosha kwa kreti na magunia. Kwa mawe haitoshi, na mwenye gari ameambiwa hivyo waziwazi.

Ukwaru umechaguliwa wa kati. Shinikizo likishushwa na bunduki ikisogezwa karibu, laina hutoka na vinundu vikubwa. Vinashika kreti zisiteleze, lakini magamba na dagaa hukaa kati yake na fagio halifiki. Mbavu zimepigwa kwa shinikizo la juu zaidi kutoka mbali kidogo, zikawa laini. Sakafu ina ukwaru wa kushika mguu uliolowa na bado inafagika.

Tepu na vijiti vimetolewa mara baada ya mkono wa mwisho, tepu ikivutwa kujikunja nyuma kwa pembe kali. Ikiachwa hadi kesho, laina hung’oka nayo. Imetumika chupa saba na nusu kama ilivyokadiriwa. Hadina iliyobaki imefungwa kwa nguvu na kuandikwa tarehe.

Jumatatu: ukaguzi

Kucha haiingii. Sehemu mbili chini ya mdomo wa juu, upande wa dereva, zilionyesha epoksi kupitia laina; zimekwaruzwa na kurudiwa kwa brashi ndogo. Sehemu hii hukosewa kwa sababu fundi akisimama haioni. Lazima achuchumae nyuma ya gari na kuangalia kwenda juu.

Kulabu zimerudishwa na bolti mpya, kila moja ikiwa na washa ya nailoni na sila chini yake. Ndani ya mihimili ya chini ya bodi imepulizwa nta ya kuzuia kutu, na imengoja hadi sasa makusudi: nta ikipulizwa kabla, tone moja likivuja sakafuni laina haitashika hapo.

Wiki iliyofuata: vibati na makabidhiano

Kibati cha pili, kilichosagwa bila kuoshwa, kimetoa malengelenge madogo kwenye ndoo, yamejipanga juu ya vishimo. Lengelenge moja likitobolewa hutoa maji ya kahawia. Cha tatu, kisicho na epoksi, hakina malengelenge lakini kikichorwa miraba kwa kisu na kubandikwa tepu, vipande vya pembeni vinang’oka. Cha kwanza kimeshika kote. Vyote vitatu vimerudishwa ndooni.

Gari limetoka likiwa na masharti haya. Mizigo myepesi imeanza; mizito na ya kuburuta ingoje siku saba zitimie. Karafuu zisipakiwe hadi harufu ya thina iishe kabisa, kwani karafuu kavu hushika harufu na gunia zima linaweza kushushwa daraja kwenye mizani. Samaki wakae kwenye kreti au sanduku la barafu, wasimwagwe juu ya laina. Bidhaa hii haikutengenezwa kwa kugusana na chakula. Baada ya kila mzigo wa samaki au mwani, bodi ioshwe kwa maji matamu, mlango ukiwa wazi na gari limeelekezwa mteremkoni, na matundu ya maji yachomolewe magamba kwa kijiti cha mti, si kwa msumari.

Mchubuko ukifika kwenye epoksi, kwaruza sentimita tano kuuzunguka kwa msasa namba 120, osha, kausha, paka brashi. Ukifika kwenye bati, usage, uoshe, uache usiku na uangalie kwa taa kabla ya kuziba, hata kama ni ukubwa wa sarafu.

Bado kwenye orodha: raba ya kinga kwenye ukingo wa juu wa mlango wa nyuma, ambako kreti huburutwa kila siku na ndiko tunakotarajia laina kuchakaa kwanza, na ukaguzi wa kona ya kushoto mbele baada ya vuli, kisha tena masika yakipita.